Bustani ya Saa Moja Usiku

Mtu anayefanya kazi mjini huondoka nyumbani alfajiri na kurejea giza likishaingia. Waridi na bogonvilia alizozipanda kwa gharama huchanua, hupendeza na hunyauka yeye akiwa ndani ya daladala, darasani au nyuma ya kaunta. Saa anazokuwa nyumbani hasa, kuanzia magharibi hadi anapokwenda kulala, bustani yake haina la kumpa. Huiona Jumapili tu, tena kwa nusu siku, ikiwa hakuna harusi wala msiba wa kuhudhuria.

Mhadhara huu unatetea jambo moja: katika nchi zetu za joto, bustani ya nyumbani ipangwe kwa ajili ya usiku kwanza, kisha mchana upewe kilichobaki. Mimea ya kuanzia ni ile itambaayo, kwa kuwa haidai ardhi kubwa, na kwa kuwa miwili iliyo bora kati yake tunayo tayari. Mmoja ni mwasumini. Wa pili ni mmumunye, ambao wengi huupanda kwa ajili ya mboga au vibuyu pasipo kujua kwamba maua yake ni ya usiku.

Jiografia iko upande wetu. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na mwanga wa machweo haukawii kutoweka. London mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku na ushei. Mwenye bustani wa huko anayetaka ua la usiku hulazimika kukesha, ama kungoja mwisho wa msimu wa joto ambapo usiku huanza kurefuka. Huku kwetu ua hufunguka wakati uleule watu wanapotoka msikitini, jiko linapowashwa kwa chakula cha jioni na watoto wanapoitwa waingie ndani.

Halafu kuna suala la nafasi. Viwanja vya mjini ni vidogo. Ukiondoa nyumba, tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo na mahali pa kuegesha pikipiki, kinachobaki ardhini ni vipande. Lakini ukuta, uzio wa senyenge, nguzo za baraza na paa la banda la kuku ni eneo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mmea utambaao hulitumia eneo hilo, na huyapandisha maua hadi usawa wa pua na wa dirisha, pale pale harufu inapotakiwa.

Mmea haufungui ua usiku kwa ajili ya binadamu. Humfungulia nondo, na baadhi ya mimea humfungulia popo. Ndiyo maana maua mengi ya usiku hufanana ingawa mimea yenyewe haina udugu: ni meupe au ya rangi hafifu, hunukia sana kuanzia machweo, na mengi yana mrija mrefu wenye mbochi chini kabisa, mahali ambapo ulimi wa nyuki haufiki. Anayefika ni nondo mkubwa wa familia ya Sphingidae. Huyu kwa kawaida hatui juu ya ua. Husimama hewani mbele yake, mabawa yakipiga kwa kasi, akaukunjua mrija wake wa kunyonyea, akanywa, akahamia ua la pili. Mwaka 2002 watafiti Almut Kelber, Anna Balkenius na Eric Warrant walionyesha katika jarida la Nature kwamba nondo mmoja wa familia hiyo hutambua rangi hata kwenye mwanga wa nyota peke yake, wakati binadamu haoni ila weusi na kijivu.

Watoto wanaokulia mashambani humjua mmoja wa nondo hao kabla hajaota mabawa. Kwenye matembele hupatikana kiwavi mnene, wa kijani au wa kahawia, mrefu kuliko kidole, mwenye pembe ndogo iliyopinda mkiani. Huyo ni kiwavi wa Agrius convolvuli. Akishashiba hujizika udongoni na kugeuka pupa. Anayelima akimfukua kwa bahati, ataona upande wa kichwani kitu kilichojipinda kama mkono wa kikombe: hiyo ndiyo ala ya mrija wake, uliokwisha kuumbika ukingoja siku ya kutoka. Nondo akitoka, mabawa yake yaliyotandazwa hukaribia sentimita 10 kwa upana, na mrija akiunyoosha huzidi urefu wa mwili wake.

Mkulima mwenye shamba la viazi vitamu humwua kiwavi huyu kila amwonapo, na ana haki, kwa kuwa anakula kile ambacho familia inategemea. Mwenye tuta moja la matembele uani hana sababu ya kuwa mkali kiasi hicho. Viwavi watatu au wanne wanaweza kuachiwa pembe moja ya tuta.

Wala kuwaachia huko si kwa ajili ya uzuri wa nondo tu. Maua ya mpapai nayo hunukia usiku. Mwaka 2009 Dino Martins na Steven Johnson walichapisha utafiti walioufanya kwenye mashamba ya mipapai nchini Kenya: wachavushaji wakuu walikuwa nondo hawa hawa wakubwa, na mashamba yaliyokuwa karibu na uoto wa asili yalinufaika zaidi kuliko yaliyo mbali nao. Nondo anahitaji mbochi ya kumweka hai hadi mpapai utoe maua, na anahitaji majani ya kutagia. Ua wenye mwasumini, mmumunye na tuta la matembele humpa vyote viwili hatua chache kutoka kwenye mpapai wenyewe. Watu wa mjini wanaolalamika kwamba mpapai jike wao unaangusha vijitunda vichanga wangeanza kwa kutazama nini kingine kinachanua usiku kwenye mtaa wao.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe.

Mwasumini, Jasminum sambac, asili yake ni Asia ya Kusini, na pwani yetu imeufanya wake kiasi kwamba harusi ya Waswahili bila asumini ni harusi iliyopungukiwa. Ufilipino waliutangaza kuwa ua la taifa mwaka 1934. Kule Fuzhou, kusini-mashariki mwa China, biashara nzima ya chai imejengwa juu ya tabia yake ya usiku: matumba huchumwa mchana, huchanganywa na majani ya chai, na yanapofunguka usiku chai huinywa harufu. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mfumo huo kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Wanawake wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaijua siri hiyohiyo bila ya chai. Matumba huchumwa alasiri, yakiwa yamejaa na kuwa meupe lakini bado yamefumba. Tumba la kijani ni changa na halitafunguka. Lililokwisha kufunguka limeanza kuchoka. Yaliyochumwa hutiwa kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, kisha hutungwa kwa sindano na uzi, au hufungwa pamoja na mrehani, mkadi na waridi kuwa kikuba. Yule anayekivaa huwa amevaa matumba. Baada ya isha ndipo yanapofunguka moja baada ya jingine kwenye nywele au kifuani, na chumba kizima kinajua. Ndani ya harufu hiyo kuna kemikali iitwayo indoli, ambayo ikiwa nyingi na peke yake hunuka vibaya kabisa. Katika asumini imo kwa kiasi kidogo, na ndiyo inayoipa harufu uzito.

Mwasumini hupandwa kwa vipandikizi, kwa kuwa aina zinazofugwa ni nadra kutoa mbegu. Kijiti kinachofaa si kile laini cha ncha wala kile kikavu cha shina la zamani, bali kilichoanza kukomaa, cha urefu wa sentimita 10 hadi 15. Majani ya chini huondolewa, yakabakizwa mawili ya juu, na kijiti huchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, penye unyevu usiotuama. Baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu, mizizi huwa imeshika. Tangu hapo kinachotakiwa ni jua. Miasumini mingi inayosemwa kuwa imegoma kutoa maua imepandwa chini ya mwembe, na dawa yake ni kuihamisha mahali inapopata jua kwa saa sita kwa siku.

Jambo la pili ni mkasi. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo mwasumini usiokatwa huwa na matawi marefu makavu katikati na maua machache nchani. Ukatwe kila baada ya kumaliza mkupuo wa maua, ulishwe samadi iliyooza vizuri, na baada ya wiki chache utaanza tena. Huu si mmea wenye vikono wala unaojisokota sana, kwa hiyo lazima ufungwe kwenye fito kwa kamba laini. Nyumba za kuta za mawe na chokaa zinahitaji uangalifu: fito ziachwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja kilichonyooshwa, hewa ipite, la sivyo ukuta utashika unyevu na chokaa itabanduka.

Ikumbukwe pia kwamba Afrika Mashariki ina asumini wake wa porini. Jasminum fluminense hutambaa kingoni mwa misitu na vichakani. Jina lake la kisayansi linautaja mkoa wa Rio de Janeiro, kwa kuwa mtaalamu aliyeuandika aliukuta Brazili na kuudhania wa huko, ilhali ulikuwa umepelekwa kutoka Afrika. Kusini mwa Florida, Marekani, mmea huohuo umekuwa mvamizi unaofunika miti ya asili. Habari hii inafaa kuwekwa akilini kabla ya kuagiza mbegu ya kigeni, kwani kilicho cha adabu kwao kinaweza kutufanyia sisi hivyo hivyo.

Mmumunye unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Lagenaria siceraria ni mmea wa Afrika. Ulifika Amerika zamani mno, takriban miaka 10,000 iliyopita, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mabuyu yake yalielea baharini kutoka Afrika na kuvuka Atlantiki. Hapa nyumbani tunda changa huliwa kama mboga, na mumunye wa nazi ni chakula ambacho hakihitaji kutetewa mbele ya mtu wa pwani. Tunda lililokomaa na kukauka huwa kibuyu cha maziwa, kata ya kutekea maji, chombo cha muziki. Wakalenjin huvundikia mursik humo. Kule Kitui, kikundi cha wanawake cha Kyanika, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kimekusanya aina nyingi za vibuyu pamoja na maarifa yanayoandamana navyo. Ni kazi ambayo vyuo vingi havijaifanya kwa mazao mengine.

Lakini nani huutembelea mmumunye usiku? Mchana majani yake mapana yenye vinyweleo huonekana tu kama majani, na matumba yamejikunja. Kuanzia saa kumi na moja jioni petali tano huanza kujinyoosha. Ni nyeupe, nyembamba kama hakuna kitu, zenye mikunjo ambayo haiishi kabisa hata ua likikamilika. Ua dume limesimama juu ya kikonyo kirefu, likiwa limeinuka juu ya majani. Ua jike limekaa chini zaidi, kikonyo chake kifupi, na nyuma yake tayari kuna mumunye mdogo kabisa mwenye manyoya laini, umbo lake la baadaye likiwa limeshaamuliwa: kama aina yake ni ya shingo ndefu, shingo ipo. Asubuhi jua likianza kuwa kali petali zimeshanyauka. Usiku mmoja ndio muda wote ambao ua jike linao. Yasuyuki Morimoto, Mary Gikungu na Patrick Maundu walichunguza wadudu wanaoyatembelea maua haya nchini Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004. Nondo walikuwa miongoni mwao.

Hapa ndipo penye chanzo cha lawama inayosikika kila mahali, kwamba mmumunye umejaa maua na hautoi tunda. Mara nyingi sababu ni mbili. Kwanza, maua dume hutangulia, tena kwa wingi, na shina kuu huwa na madume zaidi. Majike hupendelea matawi ya pembeni. Shina likishafika mita mbili au tatu, ncha yake ikatwe, matawi ya pembeni yatoke. Pili, nondo hawakuja. Kama ni hivyo, mwenye bustani na afanye kazi ya nondo. Saa moja usiku, kwa tochi, achume ua dume lililofunguka siku hiyo, azing'oe petali zake, na kile kijiti cha katikati chenye unga wa chavua akipakaze taratibu kwenye kichwa cha ua jike, pande zote tatu. Ua dume moja linatosha kwa majike mawili au matatu. Baada ya siku chache kitunda kilichochavushwa kitaanza kunenepa na kuinama. Kisichochavushwa hugeuka njano na kuanguka.

Upandaji wenyewe ni mwepesi. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, huwekwa mbili au tatu kwenye shimo lililojazwa samadi iliyooza, mwanzoni mwa masika au vuli, kisha huachwa mche mmoja wenye nguvu. Uchanja uwe wa boriti au mianzi imara kwa sababu vibuyu vinavyokomaa ni vizito, na uchanja dhaifu huanguka wakati ule ambao mavuno yamekaribia. Onyo moja lisipuuzwe: mumunye mchungu usiliwe. Uchungu huo unatokana na kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo zimewahi kuwadhuru watu vibaya, hasa nchini India ambako juisi yake hunywewa. Kipande kidogo kionjwe kabla ya kupika. Kikiwa kichungu, tunda lote litupwe.

Jamaa yake mdodoki una jambo la kuchekesha moyo wa mpenda bustani. Dodoki laini, lile linalokaushwa kuwa la kuogea, maua yake ya njano hufunguka alfajiri. Dodoki lenye mbavu, Luffa acutangula, ambalo huliwa likiwa changa na hupendwa sana na familia za asili ya Kihindi, hufungua yake jioni. Mimea miwili ya ukoo mmoja, kwenye uzio mmoja, imegawana siku. Anayependa kuketi barazani jioni na achague lenye mbavu.

Wa kigeni anayesifiwa kuliko wote ni Ipomoea alba, ndugu wa kiazi kitamu kutoka Amerika ya kitropiki, ambaye mhadhara huu utamwita ipomea nyeupe. Ua lake hufikia upana wa sentimita 10 na zaidi. Tumba limesokotwa, na machweo yakifika hujisokotoa ndani ya dakika chache huku mtu akitazama kwa macho yake. Ni maua machache ya bustani yanayofunguka wazi namna hiyo mbele ya mtazamaji. Historia yake nayo ni ya kustaajabisha. Mwaka 1999 Dorothy Hosler, Sandra Burkett na Michael Tarkanian walieleza katika jarida la Science jinsi watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati walivyochanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mti wa Castilla elastica ili kupata mpira unaodunda. Mipira yao ya zamani zaidi inayojulikana ni ya takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 3,000 kabla Charles Goodyear hajagundua njia yake ya kuuimarisha mpira.

Mbegu zake ni ngumu. Gamba likwaruzwe kwa tupa au likatwe kidogo kwa kikatio cha kucha, mbegu ilowekwe usiku kucha, kisha izikwe sentimita moja hadi mbili. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi isitumike, maana italeta majani matupu. Mbegu hizo ni sumu na zisiachwe mahali watoto wanapozifikia. Aidha, Afrika Kusini imeuweka mmea huu kwenye orodha ya mimea vamizi. Kwenye nyumba iliyo karibu na mto, korongo au msitu usipandwe kabisa. Aliye katikati ya mji na aupande kwenye chungu kikubwa na kuondoa vitumba vya mbegu kabla havijapasuka. Maoni ya mhadhara huu ni kwamba aliye na mmumunye hapungukiwi na kitu hata asipoipata ipomea nyeupe.

Combretum indicum, ule mmea wenye vishada vinavyoning'inia vya maua meupe, ya waridi na mekundu kwa pamoja, umejaa kwenye mageti ya Dar es Salaam na Mombasa. Wengi hudhani umechanganya rangi tatu. Ukweli ni kwamba kila ua huanza jeupe jioni linapofunguka, hugeuka waridi kesho yake, kisha jekundu. Jeupe ni la nondo. Yaliyoiva rangi hutembelewa na nyuki mchana. Ni mmea wa nguvu nyingi unaohitaji nguzo za chuma, na mashina yake ya zamani huwa na miiba.

Pitaya, ambayo wachuuzi wengi huiita tunda la dragoni, ni dungusi atambaaye, na ua lake jeupe linalofikia sentimita 30 hukaa usiku mmoja tu. Kwao huchavushwa na popo na nondo. Siku hizi hupandwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ajili ya tunda. Baadhi ya aina hazikubali chavua yake yenyewe, kwa hiyo wakulima hulazimika kuingia shambani usiku na brashi mkononi. Kwa nyumbani, nguzo moja imara na mashina matatu yanatosha.

Mmea mmoja usichanganywe na hii: Cestrum nocturnum, ambao nao hunukia sana usiku na huuzwa kwenye vitalu vya miche. Ni kichaka kisichotambaa, na matunda yake ni sumu.

Adui mkubwa wa bustani ya usiku siku hizi si mdudu wala ukame. Ni taa. Kila nyumba mpya hufungwa taa nyeupe kali za usalama pembe nne, na huwaka hadi asubuhi. Mwaka 2017 Eva Knop na wenzake walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyoyafanya kwenye mbuga za Uswisi: palipowekwa taa, ziara za wachavushaji wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62, na mmea mmoja waliouchunguza ulitoa matunda pungufu kwa asilimia 13 ingawa wachavushaji wa mchana waliendelea kuja. Hakuna anayemwambia mtu aache nyumba yake gizani mahali penye wezi. Taa ya kuwaka mtu anapopita inapatikana madukani. Taa ya rangi ya manjano, iliyofunikwa juu ikaelekezwa chini, hufanya kazi yake ya kumulika mlango bila kuumulika uchanja. Aidha, kupulizia dawa ya wadudu jioni kwenye mimea hii ni kuwaua wageni mlangoni. Vidukari na vidung'ata kwenye mwasumini huondoka kwa maji ya sabuni yakinyunyizwa asubuhi.

Wapo wanaosita kwa sababu wamesikia kuwa harufu ya asumini huita nyoka. Nyoka hafuati maua. Hufuata panya na vyura, nao hufuata takataka, majani yaliyolundikana na maji yaliyotuama. Chini ya uchanja pafagiliwe, majani ya chini yakatwe hadi usawa wa goti, na ndoo zisizotumika zifunikwe, jambo ambalo litapunguza mbu pia.

Asiye na uani hajanyimwa. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inautosha mwasumini kwa miaka kadhaa kwenye roshani ya ghorofa yoyote yenye jua, mradi imwagiliwe kila siku wakati wa kaskazi. Mmumunye hutaka gunia kubwa na kamba ya kuupandisha hadi juu.

Vijiti vya mwasumini haviuzwi ghali. Mara nyingi jirani hutoa bure akiombwa. Mbegu za mumunye ziko jikoni kwa shangazi na bibi, na baadhi ya aina za zamani hazipo tena mahali pengine. Kabla masika hayajafika, kila msomaji wa mhadhara huu na akaziombe, azipande, na azigawe.